Njia ya Ngujini, Bila Sauti

Jumanne, 3 Septemba

Saa kumi na mbili nimemgeuza. Saa mbili tena. Saa nne tena. Daktari alisema kila baada ya saa mbili, nami naifuata saa ya ukutani kama nilivyofuata kengele ya shule. Uji nusu kikombe. Dawa ya maumivu, ile ya maji, kijiko kimoja. Hakulia.

Dawa inamtuliza lakini inambadilisha lugha. Ikishaingia, Mama Namsifu anaongea Kigweno. Leo alfajiri alisema neno moja mara nne huku akininyooshea mkono. Nikampa maji. Hakuyataka. Nikamgeuza. Akakunja uso. Nikafungua dirisha. Akanyamaza. Sijui kama alitaka dirisha au alichoka kuniambia.

Miaka arobaini na moja ya ndoa. Mimi ni wa Upare wa kusini, lugha yangu ni Chasu. Yeye ni Mgweno wa Ngujini, Upare wa kaskazini. Watu wa mbali wanadhani sisi ni kitu kimoja. Siyo. Kigweno mimi nakisikia kama redio ya nyumba ya jirani. Humu ndani tulichagua Kiswahili. Nilisema ni kwa haki, kila mtu aache chake. Haikuwa haki. Mama yangu alipokuwa hai aliongea Chasu, na mke wangu akajifunza. Mimi cha kwao sikujifunza. Binti yetu Namsifu hajui hata kusalimia.

Mchana akaamka, Kiswahili chake kimerudi. Akaona boksi juu ya kabati. Ni kamera ya gari, Namsifu aliituma kutoka Dodoma mwezi uliopita. Alisema macho yangu yamezeeka, mtu akinigonga barabarani niwe na ushahidi. Nilikuwa sijaifungua.

"Hiyo inaona mbele ya gari?"

"Ndiyo."

"Na inahifadhi?"

"Inahifadhi."

Akafikiri. Akasema, "Basi iende Ngujini, iniletee njia."

Kansa imeingia kwenye mifupa ya mgongo wake. Daktari amekataza gari. Barabara ile ya milimani ingemvunja. Mara ya mwisho kwenda kwao ilikuwa Pasaka, na hakuna aliyetuambia kwamba ndiyo ya mwisho.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimesoma karatasi ya maelekezo yote. Maandishi madogo kama ya sumu ya panya.

Kuifunga si jambo la kubandika tu. Kuna kikombe cha mpira: unakibana kwenye kioo cha mbele, unakunja kishikio, kinashika. Watu husema kinanyonya. Hakinyonyi. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na hili sikulichoka kamwe. Ukikibana unatoa hewa iliyo ndani, na hewa ya nje, ambayo ni nyingi, inakisukuma kwenye kioo. Hakuna kitu kinachovutwa. Kuna kusukumwa tu.

Nilimweleza. Alisikiliza amefumba macho.

"Kwa hiyo, Mwalimu, mimi kwako sikuvutwa. Nilisukumwa na hewa ya nje."

Nikamwambia hewa ya nje ilikuwa baba yake, na ilisukuma kwa mbuzi wanne. Akacheka. Kicheko kikamuumiza mgongo. Nisifanye mzaha kabla ya dawa.

Halafu kuna utepe wa gundi wenye pande mbili. Huo ukishika umeshika, kuutoa ni kazi ya uzi na spiriti. Kuna pia kibano cha kufunga kwenye kioo cha kutazamia nyuma, lakini chetu kimelegea miaka mingi, kinatikisika hata gari likiwa limesimama. Kwenye dashibodi hapafai. Jua linaipiga, mwanga unarudi kwenye kioo cha mbele, utaona dashibodi mara mbili na barabara nusu.

Nilikwenda mjini kununua spiriti na kitambaa. Kijana wa duka la vifaa vya simu aliona karatasi ya maelekezo mkononi mwangu, akanisalimia vizuri, kisha akaharibu.

"Shikamoo, Mwalimu. Umefunga deshikamu? Mpare na kamera! Sasa kesi za kuku zitakuwa na video!"

Wateja wakacheka. Ni utani wa zamani juu yetu, kwamba Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kwa kesi ya kuku. Nikamjibu kuku wangu ni mmoja na hana ugomvi na mtu.

Nimechagua kikombe. Sababu niliyojipa ni kwamba kinatoka bila kuacha alama. Sababu ya kweli: sikutaka kubandika kitu cha kudumu kwenye gari kwa ajili ya safari moja. Gari litadumu. Nani mwingine atadumu sijui.

Ijumaa, 6 Septemba

Nilikifunga asubuhi, kikashika. Saa nane mchana nikakikuta chini. Jua la hapa kwetu Same. Hewa kidogo iliyobaki ndani ya kikombe inapata moto, inatanuka, inakisukuma kutoka ndani. Nimekiosha, nimekirudisha jioni. Nitaondoka alfajiri kioo kikiwa baridi.

Usiku wake mbaya. Sitauandika.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeenda, nimerudi. Nimeshindwa.

Jirani yetu Mama Upendo alikaa naye. Niliondoka saa kumi na mbili. Taa nyekundu ya kamera inawaka, maana yake inarekodi. Barabara kuu safi. Mashamba ya mkonge, mistari yake inapita kama kurasa. Kabla ya kufika mjini Mwanga ng'ombe wa wafugaji walivuka, wengi, bila haraka. Nikafurahi. Nikasema peke yangu, hii ataipenda.

Nikaacha barabara kuu, nikaanza kupanda. Kona ya tatu ya mlima, kikombe kikaachia. Kamera ikaanguka kwenye zulia upande wa abiria. Nikasimama, nikairudisha. Mita mia mbili, ikaanguka. Nikatema mate kwenye mpira kama madereva wa lori wanavyofanya. Ikaanguka.

Ningepaswa kujua. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua nguvu. Ile inayosukuma inazidi kuwa dhaifu, na kishindo cha mawe kinamalizia. Mwalimu wa fizikia ameshindwa na swali la kidato cha pili.

Nikaiacha hapo zuliani na waya wake. Kona inayofuata ndiyo anayoipenda, ile ambayo bwawa la Nyumba ya Mungu linaonekana chini kwenye tambarare, jeupe. Nilipita nikilitazama peke yangu, kamera inatazama zulia.

Halafu watu. Njia ile huwezi kupita tu. Gari likionekana wazee wanasimama, unasimama, unasalimiwa, unaulizwa wa nyumbani. Kwa Kigweno wakidhani nafahamu, kisha kwa Kiswahili wakikumbuka. Walimuulizia yeye wote. Nilihesabu mara saba kusimama. Nilichoka.

Kaka yake, Shemeji Elirehema, alikuwa kwenye migomba yake. Mzee wa miaka themanini, sikio la kushoto limekufa. Ndiyo maana simu kwao haisaidii: yeye anapiga kelele, dada yake anapiga kelele, wote kwa Kiswahili kifupi, kisha wanakata. Nilimweleza kuhusu kamera. Nikamwomba amsalimie dada yake. Akainama mlangoni akaitazama pale chini.

"Sasa niongee na nani, Shemeji? Na zulia?"

Lakini akaongea. Muda mrefu, ameshika mlango kwa mikono miwili, kichwa ndani ya gari. Kigweno chote. Mimi nilikuwa naangalia tairi.

Nyumbani nikaichomeka kadi ya kumbukumbu kwenye kompyuta ya zamani ya Namsifu. Hadi kona ya tatu picha nzuri, inatikisika tu. Baada ya hapo giza la zulia na kelele: waya unagonga chuma, mawe, watu. Nikafunga.

"Haikutoka," nikamwambia.

"Nini hakikutoka?"

"Picha."

Akasema, "Aa," akageukia ukuta kwa macho tu, maana mwili haugeuki.

Jumatano, 11 Septemba

Gundi. Nimekubali.

Kioo nimekisafisha kwa spiriti mara mbili, asubuhi kikiwa baridi. Mahali: juu kabisa, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, upande wa abiria kidogo, ili isimzibe dereva na waipa ziweze kufika mbele yake. Nimepima kwa rula. Nimebandika na kukandamiza nikihesabu hadi mia moja. Gundi inahitaji siku nzima kabla ya kubeba mzigo. Waya nimeupitisha ukingoni mwa kioo, ukashuka nyuma ya mpira wa mlango. Kazi safi. Nimeitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Nikazima sauti pia. Kuna kitufe. Kelele za gari zile zinaharibu, na nimejisikia nikijisemesha njia nzima kama kichaa. Yeye alitaka kuona njia. Ataiona njia.

Leo hakula. Mkono wake una uzito wa kitambaa.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimeenda tena. Haikuanguka. Haikusogea hata unywele.

Kona ya bwawa nilisimama dakika mbili nzima ili picha itulie. Ngujini nilimwomba Elirehema asimame mbele ya boneti. Akasimama kama anapigwa picha ya kitambulisho, kofia mkononi. Akaongea, akaonyesha migomba, akaonyesha nyumba ya mama yao, akafuta macho, akaongea tena.

Nimerudi na furaha. Naandika neno hilo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 14 Septemba

Nilimwinua kwa mito mitatu. Kompyuta juu ya meza ya kulia, karibu. Nilingoja saa moja baada ya dawa ili akili iwe safi na maumivu yawe mbali.

Alitazama yote. Mkonge. Mwanga. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bwawa. Nilikuwa namwonyesha kwa kidole na kueleza, hapa nilisimama, hapa mwanga ulikuwa nyuma yetu. Hakusema kitu. Nikadhani amefurahi mno.

Wazee wakaja kwenye dirisha, midomo inacheza. Mmoja alicheka akajipiga paja.

"Amesema nini?"

Nikasema sauti nilizima.

"Kwa nini?"

Nikaeleza kelele za waya, mawe, injini. Nikaeleza vizuri. Nilipofika katikati nikasikia ninavyoeleza.

Elirehema akatokea. Akafungua mdomo. Akaonyesha nyumba ya mama yao. Akafuta macho. Mke wangu akaweka vidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya mdomo wa kaka yake.

"Hivi ndivyo nitakavyowaona nikishakufa," akasema. "Wanaongea, sisikii. Mwalimu, hukuweza kungoja?"

Naye akalia bila sauti. Nimefunga kompyuta.

Nimekaa jikoni. Naandika nisije nikajidanganya baadaye. Sikuzima sauti kwa ajili ya waya. Kigweno kwangu kilikuwa sehemu ya kelele. Mawe, waya, watu. Niliviandika pamoja Jumatatu, nimerudi kusoma, viko hapo katika sentensi moja.

Aliposema njia nilielewa barabara. Yeye alikuwa anasema wale saba waliosimama.

Jumapili, 15 Septemba

Niliamka na wazo moja: zulia.

Safari ya kwanza sauti ilikuwa wazi. Elirehema aliinama akaongea na zulia dakika nyingi, mdomo umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kamera. Imo kwenye kadi.

Lakini sikuwa nimenakili. Na kamera hizi, hili nalo liko kwenye karatasi ya maelekezo, nililisoma nikalipenda kwa ujanja wake, hazijai. Kadi ikijaa, rekodi mpya inafuta ya zamani kuliko zote, kipande kwa kipande, bila kuuliza. Safari ya Ijumaa ilikuwa inakula safari ya Jumatatu wakati mimi nasimama dakika mbili kupiga picha bwawa.

Nikaichomeka kadi. Vipande vya dakika tatu tatu, vimepangwa kwa saa. Nikatafuta Jumatatu. Barabara kuu yote imekwisha. Ng'ombe wamekwisha. Kona ya kwanza, ya pili, zimekwisha. Kipande cha kwanza kilichobaki kinaanzia zuliani.

Dakika hamsini na saba za zulia jeusi. Nikanakili mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye flashi, kabla ya kupumua.

Nikampelekea. Nikamwambia hakuna picha. Akasema zima taa ya kioo basi, inaniumiza. Nikageuza kompyuta itazame ukuta. Akafumba macho. Nikabonyeza.

Mawe. Waya unagonga. Mimi najisemesha. Nikataka kuomba radhi, akainua kidole ninyamaze.

"Huo ni mto mdogo," akasema. "Daraja la mbao. Bado hawajalitengeneza."

Mimi nimesikia kishindo tu.

"Hapa unapita msikitini, kuna tuta. Hapo. Sasa utabadilisha gia."

Nikabadilisha gia. Ndani ya kompyuta, Jumatatu iliyopita.

Wa kwanza akasimamisha gari. Mama fulani. Mke wangu akacheka kabla yule hajamaliza. "Huyo ni Nakijwa. Anauliza kama bado unamnyima mke wako chumvi." Wa pili. Wa tatu, akamtaja kwa jina, na jina la baba yake, na ugomvi wa mpaka wa shamba ulioanza kabla hatujaoana. Akawa ananitafsiria. Nusu saa nzima alikuwa mbele yangu, ananiongoza. Mimi niliyeendesha gari lile nilikuwa sijafika popote.

Halafu Elirehema. "Sasa niongee na nani, Shemeji? Na zulia?" Akacheka sana hapo. Hakulalamika mgongo.

Kaka yake alipoanza Kigweno, aliacha kutafsiri. Sikuuliza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaa nje kwao, jioni, kivulini. Elirehema akaongea, akanyamaza, akaongea. Mwishoni akauliza kitu. Nilijua ni swali kwa jinsi sauti ilivyoning'inia.

Naye akamjibu. Neno moja, labda mawili yaliyoungana. Taratibu, wazi, macho yamefumba.

Kisha akalala. Nikakaa nikimshika mkono hadi saa ya kumgeuza.

Jumanne, 17 Septemba

Analala karibu siku nzima. Anaamka, ananitazama kwa upole kama mgeni.

Nimewasha sauti kwenye kamera. Alhamisi nitapanda tena, taratibu, nitasimama kwa kila mtu. Nitamwambia Elirehema aseme yote tena, na sasa tutakuwa na picha na sauti. Nimeandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye usukani: SAUTI.

Alhamisi, 19 Septemba

Sikwenda. Namsifu amefika kutoka Dodoma. Amemnawisha mama yake nywele.

Jumamosi, 21 Septemba

Mama Namsifu amefariki saa tisa alasiri. Nilikuwa nimemgeuza saa nane.

Alhamisi, 26 Septemba

Jumanne tumemzika kwetu, kama desturi ilivyo, mke huzikwa kwa mumewe. Watu walikuwa wengi. Makande yalitosha. Elirehema aliletwa na vijana wa kwao, akakaa mbele, sikio zima limeelekea kaburini.

Nilitaka kumuuliza. Pale si mahali. Kila nilipomkaribia kulikuwa na mtu ananipa pole.

Mpiga picha wa msiba aliniuliza kama ninataka video. Nikamwambia hapana. Namsifu akamwambia ndiyo.

Jumatano, 2 Oktoba

Namsifu ameondoka jana. Saa kumi na mbili niliamka nikaenda chumba kile. Nikasimama. Nikafungua dirisha.

Lile neno alilomjibu kaka yake ninalo. Nalirudia kila asubuhi nisilipoteze. Nimejaribu kuliandika. Herufi hazitoshi, au mimi sijui zinazotosha. Jana nililiandika namna moja, leo nikilisoma halisikiki vile. Kuna mahali sauti inashuka, na sikumbuki kama ni mwanzo au mwisho.

Siku ile nilikuwa na kompyuta, na kamera, na simu yenye kinasa mfukoni. Vyote vitatu. Vilikuwa vinamsikilizisha. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kinamsikiliza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimepanda Ngujini kupeleka khanga zake kwa kaka yake, kama inavyotakiwa. Sauti imewashwa. Kamera imeshika.

Nilisimama mara sita. Nakijwa alishika dirisha akalia, kisha akauliza kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, kama nakula. Nikamwambia chumvi ninayo sasa. Alishtuka, akanitazama. Hakujua nimejuaje.

Elirehema alizipokea khanga, akazinusa moja moja, akaziweka kwenye mapaja. Halafu nikamwambia kuhusu zulia. Kwamba alisikika. Kwamba dada yake alicheka, alijua kila daraja.

Alifurahi sana. Ilinibidi kungoja.

"Shemeji," nikasema, "mwishoni ulimuuliza kitu."

"Nilimuuliza tunavyoulizana sisi mtu akiwa anapanda mlima. Umefika wapi?"

"Alikujibu."

Akageuza kichwa, akaniletea sikio zima. Mkono wake ukanishika goti.

"Amesema nini?"

Nikalisema. Nilikuwa nimejizoeza siku ishirini na saba. Akakunja uso.

"Sema tena."

Nikalisema.

"Ukisema hivyo ni kwamba niko karibu. Nimekaribia kufika."

Moyo ukanipanda. Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikalisema tena, kwa namna ile nyingine, sauti ikishuka mwanzo.

"Aa. Hivyo ni kwamba nimechoka. Nimekaa kwanza."

Nikalisema mara ya tatu, kwa namna niliyokuwa nayo asubuhi ile ya kwanza kabla sijaanza kuandika. Alisikiliza. Akatikisa kichwa.

"Hilo si neno, Shemeji. Hilo ni Mpare anakohoa."

Tukacheka wote wawili, kisha yeye akaendelea na kicheko kikageuka. Nikamngoja tena.

"Wewe ndiye uliyekuwepo," akasema. "Chagua."

Nikamwambia siwezi kuchagua. Nilifundisha watoto miaka thelathini kwamba usipopima, usiandike.

"Basi ningependa la kwanza," akasema. "Lakini alikuwa mtu mkweli. Na mgongo ule."

Aliniletea ndizi za kuchoma na maziwa. Kabla sijaondoka nilimwomba anifundishe kusalimia. Salamu tu, na jibu lake. Nikairudia mbele yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Alinirekebisha mara tano. Lugha ile ina ngazi za sauti, nami natembea kama iko sawasawa.

Kwenye kona ya bwawa nikasimama. Maji yamepungua, ukingo umekuwa mpana. Taa nyekundu inawaka. Nikazima injini ili kelele yake isiingie. Nikalisema lile neno kwa kamera, namna zote tatu, na kati ya moja na nyingine nikanyamaza kidogo. Baada ya hapo nikakaa. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni alipita. Nikamsalimia kwa Kigweno. Akasimama, akacheka, akanirekebisha, akaenda.

Jumapili, 13 Oktoba

Niliamka saa kumi na mbili. Hakuna wa kumgeuza. Nilifungua dirisha.

Nimeitoa kadi kwenye kamera nisije nikaendesha gari ikarekodi juu yake. Nimeiweka kwenye bahasha pamoja na ile flashi yenye nakala ya zulia, ndani ya Biblia yake. Juu ya bahasha nilitaka kuandika kilichomo. Nimeandika tarehe.

Kamera nimeiacha pale pale kwenye kioo. Chini yake, jua la asubuhi likiingia, linaonekana duara la kikombe cha mpira, kile cha kwanza, kilichokuwa hakiachi alama. Spiriti ninayo. Sijaifuta.

Kuku ametaga. Nimechemsha chai ya watu wawili, nimekunywa yote.